Zabibu za asili za Italia zinavyokabili joto: Somo kwa Dodoma na Mishamo

KATIKA vijiji vya Mishamo, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, si rahisi kumkuta mtu anayelima mzabibu. Huko mashamba ni ya mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na mvua ikianza Novemba kila mwenye jembe huwa tayari ameamua atapanda nini. Hata hivyo, yanayowapata wakulima wa zabibu wa Italia tangu mwanzoni mwa karne hii yanamhusu mkulima wa Mishamo kuliko anavyoweza kudhani. Swali linalowakabili ni moja: majira yakibadilika, mtu ashike mbegu aliyoirithi au akimbilie ile iliyoletwa juzi?

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Nchini Italia, usia huo umekuwa suala la kisayansi na kiuchumi.

Kwa miaka mingi Italia imeshindana na Ufaransa kuwa mzalishaji mkubwa wa mvinyo duniani. Mwaka 2023 ilipata pigo. Uzalishaji wake ulishuka hadi takriban hektolita milioni 38, ikiwa ni upungufu wa zaidi ya asilimia 20 ikilinganishwa na mwaka 2022, na Ufaransa ikashika nafasi ya kwanza. Chanzo hakikuwa ukame peke yake. Mvua nyingi za masika ya Ulaya zilileta ugonjwa wa ubwiri vinyoya katika mikoa ya kati na kusini, kisha likafuata joto kali. Mwaka mmoja kabla, mto Po uliokuwa ukinywesha mashamba ya kaskazini ulikuwa umepungua maji kwa kiwango cha kutisha. Na Agosti 11, 2021, karibu na mji wa Syracuse kisiwani Sicily, kipimajoto kilisoma nyuzi 48.8, kiwango ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekithibitisha kuwa rekodi ya bara la Ulaya.

Joto linavyoharibu mvinyo

Ili kuelewa ukubwa wa tatizo, ni vema msomaji afahamu kinachotokea ndani ya tunda. Zabibu inapoiva, sukari huongezeka na ukali wa uchachu hupungua. Sukari hiyo ndiyo hamira huigeuza kuwa kilevi, na uchachu ndio huupa mvinyo uhai na kuufanya udumu. Joto likizidi, sukari hupanda upesi kabla ganda na kokwa havijakomaa. Mkulima akivuna mapema, mvinyo huwa na ladha ya ubichi. Akisubiri, hupata mvinyo wenye kilevi kikali lakini uliopooza. Ndiyo maana katika maeneo mengi ya Italia siku za mavuno zimesogea nyuma kutoka Oktoba kuelekea Septemba, na hata Agosti.

Upo pia mtego wa baridi. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa kipupwe. Siku za joto zikija kabla ya wakati wake huuamsha, nao huchipua. Kisha jalidi ya Aprili hushuka usiku mmoja na kuunguza machipukizi yote. Hasara ya namna hiyo ilishuhudiwa mwaka 2017 na tena mwaka 2021. Kwa hiyo ongezeko la joto, kinyume cha inavyodhaniwa, linaweza kumuua mkulima kwa baridi.

Hazina ya aina zaidi ya 500

Katika mapambano hayo Italia ina silaha ambayo mataifa mengi hayana. Daftari la taifa la nchi hiyo limeorodhesha zaidi ya aina 500 za zabibu za mvinyo, na nyingi kati ya hizo hazilimwi kwa wingi mahali pengine popote.

Katika miongo ya 1970 na 1980 wakulima wengi walizipa kisogo. Soko la dunia lilitaka majina ya Kifaransa kama Merlot, Cabernet Sauvignon na Chardonnay, na mashamba yakapandwa hizo. Lakini Merlot, kwa mfano, huiva mapema, na katika miaka ya joto huiva kupita kiasi. Aglianico ya kusini, kinyume chake, huiva pole pole na mara nyingi huvunwa Oktoba au hata Novemba, wakati jua limepungua ukali. Barbera ya Piedmont huhifadhi uchachu wake hata joto linapopanda. Nero d'Avola na Nerello Mascalese za Sicily zimeishi na jua la kisiwa hicho kwa karne nyingi, na kwenye miteremko ya mlima wa volkano wa Etna wakulima wanapanda juu zaidi kutafuta ubaridi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Timorasso, zabibu nyeupe ya vilima vya Tortona. Ilikaribia kutoweka kwa kuwa ilikuwa na usumbufu shambani na mazao yake hayakuwa ya uhakika. Katika miaka ya 1980 mkulima Walter Massa aliamua kuirudisha, jambo ambalo wengi waliliona ni kupoteza muda. Leo mvinyo wake unasakwa na wanunuzi, na eneo linalopandwa limeongezeka. Laiti mizabibu ya mwisho ingeng'olewa, pasingebaki kitu cha kurudisha.

Hata Australia, nchi yenye jua kali, imeanza kupanda Fiano na Nero d'Avola kutoka Italia.

Pamoja na hayo, haifai kusema kwamba kila cha kale ni dawa. Zipo aina za asili zinazoshindwa na joto, na zipo zinazoshambuliwa kirahisi na ubwiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Udine wamezalisha chotara zinazostahimili ugonjwa huo. Kikwazo kingine ni sheria: mfumo wa Italia wa kulinda majina ya mvinyo, ulioanza mwaka 1963, huelekeza ni zabibu gani itumike katika eneo gani, na kubadili kanuni hizo huchukua miaka.

Zibibbo na zabibu

Katika kisiwa cha Pantelleria, kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily, hulimwa zabibu iitwayo Zibibbo. Msomaji wa Kiswahili atalitambua jina hilo bila mkalimani. Limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya zabibu kavu, lile lile lililotupa sisi "zabibu" tunazotia kwenye pilau. Wakulima wa huko huchimba kishimo na kuupanda mzabibu ndani yake, ukiwa mfupi kama kichaka, ili upepo usiukaushe na umande ukusanyike kwenye shina. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ujuzi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia.

Zibibbo yenyewe haikuzaliwa kisiwani hapo. Ilifika zamani kutoka mashariki ya Mediterania, ikakaa, ikazoea, ikawa ya hapo. Uasili wa mmea, basi, mara nyingi hupatikana kwa kukaa.

Dodoma ikoje?

Kwa Tanzania, zabibu ni Dodoma. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari wa Kikatoliki katika karne iliyopita, na misheni ya Bihawana inakumbukwa kuwa miongoni mwa mashamba ya mwanzo. Baadaye utafiti uliwekwa Makutupora, ambako sasa kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Zabibu nyekundu inayobeba jina la Makutupora ndiyo tegemeo kubwa la wakulima wa Hombolo, Mpunguzi, Mbabala na vijiji jirani, ikifuatiwa na nyeupe ya Chenin Blanc.

Dodoma haina kipupwe cha kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye huuamsha kwa mkasi: akipogoa, unachipua. Kwa njia hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti na Septemba. Hiyo ni neema ambayo Mtaliano hana. Lakini mavuno ya kwanza huangukia kwenye mvua, na mvua ikizidi wakati tunda linaiva, ubwiri na uozo huingia. Mavuno ya pili hutegemea maji ya kumwagilia, katika mkoa ambao kwa kawaida hupata kati ya milimita 500 na 600 tu za mvua kwa mwaka.

Hapo ndipo penye hatari. Italia ikishindwa na aina moja, ina mamia ya kujaribu. Dodoma imejiegemeza kwenye aina chache mno. Mzabibu huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu na huweza kuishi zaidi ya 30, hivyo anayepanda leo anapanda kwa ajili ya hali ya hewa ya mwaka 2050. Aina zilizohifadhiwa katika mashamba ya utafiti ya Makutupora, hata zile zisizo na soko kwa sasa, ni akiba ambayo haipaswi kuachwa ikauke.

Turejee Mishamo

Makazi ya Mishamo yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Walipewa msitu wa miombo, wakaufyeka, wakalima, na katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijitegemea kwa chakula. Wakati wa kupewa uraia, mpango ulikuwa wahamishiwe mikoa mingine. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2011, na vyeti vya uraia vilianza kutolewa mwaka 2014.

Mzabibu pengine hautawafaa, kwa kuwa Katavi hupata mvua nyingi kuliko Dodoma, na unyevu ni rafiki wa ubwiri. Kinachowafaa ni kanuni yake. Mihogo na mahindi si mazao ya asili ya Afrika; yalitoka Amerika, yakakaa, yakazoea. Mama anayechagua maharage ya mbegu baada ya mavuno, akichanganya ya rangi tofauti ili moja likikosa mvua jingine lipate, anafanya kazi ile ile aliyoifanya Massa huko Tortona. Mahindi chotara yana nafasi yake, kwani huzaa vizuri mwaka wa mvua nzuri, lakini mbegu yake hununuliwa kila msimu, na mwaka mbaya hauna huruma na mwenye deni. Tumbaku nayo hukaushwa kwa kuni za miombo ile ile inayowalisha nyuki wa Katavi.

Aidha, hakuna anayetunza mmea wa miaka 30 kwenye ardhi ambayo hajui kama atakuwapo kesho. Wakulima wa Pantelleria walirithi mashimo yaliyochimbwa na babu zao kwa sababu babu hao walikuwa na hakika na ardhi. Watu wa Mishamo waliishi zaidi ya miongo mitatu bila hakika hiyo. Kwa kuwa sasa ni raia, maofisa ugani na watafiti wana wajibu wa kwenda kuziorodhesha mbegu zilizobaki vihengeni mwao, kuzijaribu na kuzihifadhi, kabla haijatokea kama ilivyokaribia kutokea kwa Timorasso.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Italia tayari iko chini ya wembe.