Taa Iliyodanganya

Katika historia ya usafiri wa angani imo mikasa mingi ya vifo, na hiyo ndiyo watu waikumbukayo sana. Lakini iko mikasa mingine ambayo hakufa mtu hata mmoja, nayo ina mafunzo makubwa vilevile. Habari ya helikopta mbili zilizotua baharini mwaka wa 2012 ni ya namna hiyo.

Mbali na pwani ya Uskoti, katika Bahari ya Kaskazini, viko visima vya mafuta, na wafanyakazi wa huko huenda na kurudi kwa helikopta. Tarehe 10 Mei, 2012, helikopta ya aina ya EC225 iliondoka Aberdeen ikiwa na watu 14. Ilipofika maili 34 za baharini mashariki ya mji huo, marubani walipata onyo kwamba mafuta ya kulainisha sanduku kuu la gia yamepoteza shinikizo. Sanduku hilo ndilo lipelekalo nguvu za injini kwenye pangaboi kubwa la juu. Likikosa mafuta, vyuma husuguana, hupata moto, na mwisho huharibika. Injini zote mbili zilikuwa nzima, lakini injini nzima haifai kitu ikiwa nguvu zake hazifiki kwenye pangaboi.

Watengenezaji walikuwa wameweka njia ya dharura, yaani kunyunyiza kioevu kingine ndani ya sanduku ili helikopta iweze kuruka kwa dakika 30 zaidi. Marubani waliifungulia njia hiyo. Baadaye kidogo ikawaka taa nyingine, kuwaambia kwamba hata hiyo imeshindwa. Kwa kanuni walizofundishwa, hawakuwa na hiari ila kutua mara moja. Wakashuka juu ya maji, maboya yakaizuia helikopta isizame, na watu wote wakaokolewa. Tarehe 22 Oktoba mwaka uo huo, karibu na visiwa vya Shetland, helikopta nyingine ya aina ile ile yenye watu 19 ilipatwa na mambo yale yale. Hao nao wakaokoka wote.

Tusikiapo habari kama hii, swali letu la kwanza huwa, “Nani mwenye makosa?” Wachunguzi wa ajali hawaanzi hivyo. Uingereza ina idara ya kazi hii ambayo asili yake ni mwaka wa 1915. Kanuni za kimataifa juu ya uchunguzi huo zilikubaliwa mara ya kwanza mwaka wa 1951, na leo zasema wazi kwamba kusudi lake ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mtu aogopaye adhabu huficha aliyoyaona, na wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Wachunguzi walifungua masanduku ya gia, wakaona kwamba katika kila helikopta mhimili mmoja wa wima umekatika. Sehemu ya chini ya mhimili huo ndiyo iliyoendesha pampu za mafuta. Ukipinda waya huku na huku mara nyingi, mwisho hukatika, ijapokuwa kila mpindo ni mdogo. Ndivyo ulivyochoka mhimili huo. Ufa ulianzia kwenye kishimo kidogo cha kutu, ukauzunguka mhimili wote.

Jambo la pili lilikuwa la ajabu zaidi. Njia ya dharura haikushindwa hata kidogo, bali ilikuwa ikifanya kazi. Taa ndiyo iliyodanganya, kwa sababu nyaya za helikopta hazikuafikiana na swichi za kupimia shinikizo.

Basi hapo mtu aweza kusema kwamba marubani wale wa kwanza walikosea, kwani maili 34 ni mwendo ambao helikopta yaweza kuumaliza kwa muda usiofika nusu saa. Lakini asemaye hivyo awahukumu kwa maarifa yaliyopatikana baadaye, nao hawakuwa nayo. Mbele yao palikuwa na taa, kanuni, na maisha ya watu. Wangalipuuza onyo, na onyo likawa la kweli, ni nani angaliwasifu?

Taarifa ya uchunguzi ilitolewa mwaka wa 2014, na mhimili ukaundwa upya kwa namna nyingine. Hata hivyo, kazi haikwisha. Mwaka wa 2016, katika nchi ya Norwe, helikopta ya aina hiyo hiyo ilivunjika gia nyingine ndani ya sanduku. Pangaboi likang'oka hewani, na watu wote 13 wakafa.

Mwanafunzi wa historia ana kazi inayofanana na ya wachunguzi hawa. Asomapo habari za watu wa kale, na ajiulize kwanza, “Watu hawa walijua nini siku ile, na ni taa gani iliyowaka mbele yao?” Akiisha kulijibu swali hilo, ndipo atakapokuwa na haki ya kuwahukumu. Na mara nyingi ataona kwamba lililo la faida zaidi ni kuitengeneza taa.