Mitishamba katika Ufugaji wa Kamba Thailand

Ufugaji wa kamba kwa biashara ulishamiri Thailand katika miaka ya 1980, mabwawa yalipoenea pwani na kumega mikoko. Msongamano ulileta maradhi: kichwa njano mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha madoa meupe. Wafugaji wengi walikimbilia antibayotiki, ingawa haziui virusi vinavyosababisha maradhi hayo. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulikuta mabaki ya antibayotiki za nitrofurani na kloramfenikoli katika kamba wa Thailand, ukaimarisha ukaguzi.

Mitishamba ikazidi kuthaminiwa. Tayari watafiti wa huko walikuwa wamepima majani ya mpera dhidi ya bakteria wa vibrio, na mmea wa phaya yo dhidi ya kichwa njano. Kitunguu saumu husagwa, huchanganywa na punje za chakula, ambazo hupakwa mafuta ya ngisi ili kisichujuke majini, kisha huanikwa kivulini. Alisini iliyomo hudhoofisha bakteria.

Ugonjwa wa vifo vya mapema, uliofika Thailand 2012, ulionyesha mipaka ya kinga hii: mitishamba husaidia, lakini haichukui nafasi ya vifaranga wazima na maji safi.