Mkanda
Waongozaji wa video za muziki wakitaka wimbo uonekane kisinema, huifanya picha iwe na upana wa 2.39 kwa kimo cha 1. Runinga zetu ni 16 kwa 9, basi juu na chini hubaki weusi mtupu, karibu robo nzima ya kioo. Mafundi huuita mikanda myeusi, na jina limekaa. Mkanda ni wa kiunoni, lakini filamu nayo ni mkanda, hata kaseti tulizokodi zamani zilikuwa mikanda ya video. Mwaka 1953, filamu ya The Robe ilipotoka kwa CinemaScope, mfumo wa picha pana, upana ulimwongezea mtazamaji picha. Kwenye simu iliyoshikwa wima, upana uleule humwachia kijistari tu, mnenguaji (maskini!) haonekani hata viatu.