Tunutu-mawe: jina la kumwelekeza mfungaji chambo

Mto Enyau hupita Arua, nchini Uganda. Mto Kochi hutokea upande wa Koboko, hushuka kupitia Yumbe, na maji ya yote miwili huishia katika Nile ya Albert. Vijito vya namna hii, hasa pale maji yanapopiga mawe kwa kasi, ndiko anakotafutwa mdudu ambaye wanasayansi humweka katika oda ya Plecoptera. Jina hilo lilitungwa na Mjerumani Hermann Burmeister mwaka 1839 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mabawa yaliyosukwa. Spishi zake duniani zimepita 3,500, na katika mito ya Afrika ya Mashariki anayejulikana zaidi ni wa jenasi ya Neoperla.

Wavuvi wa mshipi wana sababu yao ya kumjali. Samaki wa maji ya kasi humla, nao wavuvi humwiga kwa kufunga uzi, manyoya na waya juu ya ndoano. Mwingereza Charles Cotton aliandika habari za chambo chake mwaka 1676. Karibu na kwetu, trauti walipandikizwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905, na leo kufunga vyambo vya aina hii ni riziki ya mafundi wengi nchini Kenya, ambao kazi yao huuzwa Ulaya na Marekani.

Anayetaka kuufundisha ufundi huo kwa Kiswahili katika karakana ya Arua hukwama mapema, kwenye jina. Kiingereza hutumia neno moja, fly, kwa nzi, ndani ya jina la mdudu huyu wa mawe (stonefly), na kwa ndoano iliyovishwa manyoya. Mfasiri mwenye haraka ataandika “nzi wa mawe” kwa mdudu na “nzi bandia” kwa chambo, kisha aendelee na maelezo. Jina hilo la nzi linapotosha, na madhara yake yanaonekana mezani pa mfungaji na ukingoni mwa mto.

Kwanza, mdudu huyu si nzi. Nzi ana mabawa mawili; huyu ana manne, na akitulia huyalaza bapa juu ya mgongo. Kipepeo na kereng’ende nao, kwa Kiingereza, wamebeba neno la nzi ndani ya majina yao, lakini Kiswahili hakikuwahi kuwaita nzi. Kiliwatazama chenyewe kikawapa majina yao. Mdudu wa mawe anastahili kutazamwa vivyo hivyo.

Pili, katika West Nile, eneo la Arua na Koboko, neno nzi likitajwa pamoja na mto huleta hofu yenye msingi. Usubi, yule nzi mdogo aumaye, ndiye anayeeneza ugonjwa wa upofu wa mtoni, na nchini Tanzania jina lake limekuwa pia jina la ugonjwa wenyewe. Uganda iliazimia kuutokomeza mwaka 2007, na nyanda za juu za West Nile ni miongoni mwa maeneo yaliyopiganiwa. Mabuu wa usubi huishi katika maji yaleyale ya kasi. Wa spishi moja hujishikiza hata kwenye magamba ya kaa wa mtoni. Mdudu wa mawe haumi mtu. Tena, akiwa mchanga ni mwindaji wa wadudu wadogo wa majini, mabuu wa usubi wakiwemo. Kumwita nzi wa mtoni ni kumtia mwindaji na windo katika jina moja.

Tatu ni hesabu. Afrika Kusini kuna kipimo kiitwacho miniSASS, kinachowawezesha wanafunzi na wanavijiji kupima afya ya mto kwa kuangalia wadudu waliomo. Kila kundi lina alama zake. Mdudu wa mawe hupewa 17, alama ya juu kuliko zote, kwa sababu hutoweka maji yakichafuka au yakipungukiwa oksijeni. Nzi halisi hupewa 2. Mwanafunzi wa Koboko aliyefundishwa kwamba huyu ni nzi wa mawe anaweza kumwandika kwenye safu ya nzi, na mto safi ukaonekana mchafu.

Basi aitwe nani?

Kinachofungwa kwenye ndoano mara nyingi ni mdudu mchanga, kwani huyo ndiye akaaye majini muda mrefu. Kwa umri huo Kiswahili kina hazina. Buu na kiwavi ni watoto wa wadudu wanaopitia hatua ya bundo, wakalala, kisha wakatoka na umbo jipya kabisa. Tunutu ni mtoto wa nzige: tangu mwanzo anafanana na wazazi wake, hana hatua ya bundo, huambua ngozi mara kwa mara, na vichipukizi vya mabawa hukua mgongoni mwake. Maisha ya mdudu wa mawe hufuata njia hiyohiyo. Akikomaa hupanda juu ya jiwe, huambua ngozi ya mwisho na kuruka. Kwa hiyo neno tunutu linaweza kupanuliwa maana likamhusu naye, likaunganishwa na mawe anamoishi: tunutu-mawe. Mzima wake ataitwa mdudu-mawe.

Kiswahili cha Arua na Koboko ni cha soko, kambi na mpaka. Hukutanisha Walugbara, Wakakwa, Wanubi, Waaluri na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo kwa njia ya Vurra au Sudan Kusini kwa njia ya Oraba. Wengi wao hawana neno tunutu midomoni, ila nzige wanamjua. Mwalimu atalifafanua mara moja kupitia nzige, na tangu hapo neno litakuwa limebeba somo lake.

Kwa ndoano yenyewe panafaa chambo cha kufunga. Jina hili hukitenga na chambo hai, kama mnyoo au kumbikumbi, na pia na chambo cha bati au plastiki kinachonunuliwa tayari. Halihitaji nzi wala bandia, na linataja kazi ambayo mkono hufanya.

Majina haya yapimwe kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubana kazi. Asiye na jiliwa ndogo anaweza kubana ndoano kwa koleo iliyokazwa kwa mpira. Ndoano iwe ya shina refu, namba 8 au 10; namba ikipanda, ndoano hupungua. Waya wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua hukatwa vipande viwili, kimoja kikalazwa ubavu huu wa shina na kingine ubavu wa pili, vikakazwa kwa uzi wa cherehani. Hapo mwili unakuwa bapa kama wa mdudu anayejibana chini ya jiwe, na uzito wa kuzama unapatikana.

Mikia ni miwili. Nyuzi mbili za unyoya wa kanga, zilizotanuliwa, zinatosha. Hapa ndipo wengi hukosea, wakaweka mitatu. Mikia mitatu kwa kawaida ni ya mdudu mwingine wa majini, ambaye pia hupumua kwa viungo vilivyo kando ya tumbo. Ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli ukizungushwa huleta pingili za tumbo. Kifuani huwekwa vipande viwili vya tyubu vilivyokatwa pembe, kimoja nyuma ya kingine, kuwa vichipukizi vya mabawa. Miguu ni sita, nayo ni ya manyoya ya kanga, ambayo madoadoa yake hufanana na miguu ya mdudu hai.

Kisha kuna viungo vya kupumulia, ambavyo kwa Neoperla hukaa kifuani, kwenye mashina ya miguu. Kiswahili huviita matamvua, na neno hilohilo ni la nyuzi zinazoning’inia kwenye pindo la nguo. Fundi aliyeambiwa “weka matamvua kifuani” anajua tayari la kufanya: atachambua uzi mweupe na kuuacha ukining’inia katikati ya miguu. Angekuwa amefundishwa kutengeneza nzi, asingekuwa na mahali pa kuyaweka.

Kuboresha chambo huanzia kwenye beseni la maji. Charles Brooks, mvuvi wa Montana nchini Marekani, alishauri katika kitabu chake cha mwaka 1976 kwamba tunutu afungwe akiwa sawa pande zote, bila mgongo wala tumbo, kwa kuwa mkondo hukigeuza chambo huku na huku. Umbo bapa hufanana zaidi na mdudu. Umbo la mviringo halibadiliki likibiringika. Fundi avute yote mawili majini kwa mshipi na kuyatazama. Rangi nayo ibadilishwe, kahawia kwa kawaida, na manjano iliyopauka kwa tunutu aliyetoka kuambua ngozi.

Chambo hiki kina mipaka yake. Sangara wa Nile ya Albert hufuata samaki wenzake, na chambo chake ni kikubwa zaidi. Tunutu-mawe ni wa maji ya kasi yenye samaki walao wadudu, iwe ni trauti wa Aberdare au samaki wadogo wa vijito.

Katika orodha ya istilahi ingizo linaweza kusomeka hivi. Tunutu-mawe, wingi matunutu-mawe, ngeli ya a-/wa-: mdudu-mawe ambaye hajaota mabawa, aishiye chini ya mawe katika maji ya kasi, mwenye mwili bapa, miguu sita, mikia miwili na, kwa jamii ya Neoperla, matamvua kifuani. Chambo cha tunutu-mawe: chambo cha kufunga kinachomwiga mdudu huyo.