Maji yanayolala ya Upemba: kimbilio la wanyama na la watu

Leo tuongee historia ya Lualaba. Kule juu, kwenye magenge ya Nzilo, ni mto wa kelele na maporomoko. Ukishapita Bukama unafika kwenye tambarare, unapoteza haraka, unamwagika pembeni. Hapo ndipo yalipo maziwa ya Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo yaliyozungukwa na mafunjo. Ziwa Upemba ni pana sana, lakini sehemu nyingi kina chake hakizidi sana urefu wa mtu.

Mgeni akiyaona maji hayo husema yamekufa. Mvuvi anajua zaidi. Chini ya mafunjo hewa ni kidogo, lakini kambale na kamongo hupanda kuvuta pumzi juu, basi hawana shida. Samaki wadogo wanajificha kati ya mizizi mpaka wapate nguvu. Nzohe, yule swala wa matopeni, ana kwato ndefu zinazopanuka asizame. Akiogopa anaingia majini na kubakiza pua tu. Kiboko naye akipita usiku anafungua njia katikati ya mafunjo, na asubuhi mtumbwi unapita humo humo.

Watu waligundua faida hiyo zamani. Mwaka 1957 na 1958 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi Sanga, kando ya ziwa Kisale, na miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendeleza kazi. Walikuta wafu wamezikwa na vyungu vizuri, vyuma vya kuvulia samaki, mapambo ya shaba, pembe za ndovu. Makaburi mengi ni ya zaidi ya miaka 800 iliyopita. Mtoto alizikwa na vyungu vidogo, vya kadiri yake. Shaba haichimbwi pale ziwani, ilitoka kusini, kwenye nchi ya migodi. Walikuta hata kauri za Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1 000 kutoka pale! Samaki mkavu hubebeka mbali bila kuoza, na mimi naona ndiye aliyelipia sehemu kubwa ya mali hiyo.

Wakati wa Wabelgiji biashara iligeuka sura tu. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka hapo meli zilishuka mpaka Kongolo, zikihangaika na mafunjo yaliyoziba njia. Samaki wa maziwa hayo walilisha kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Mwaka 1939 serikali ya koloni iliunda mbuga ya Upemba, ikachukua na sehemu ya ziwa. Tangu hapo mvuvi na mlinzi wa mbuga wanatazamana kwa jicho baya, kila mmoja na sababu zake.

Halafu ikaja vita ya karibu. Mwishoni mwa 2005 jeshi lilipowashambulia Mai-Mai wa Gédéon, upande wa Mitwaba, Manono na Pweto, eneo lililopewa jina la pembetatu ya kifo, maelfu ya familia zilikimbia. Wengine walienda Dubie. Wengine waliingia ziwani Upemba, wakapanda juu ya visiwa vinavyoelea, yaani mafunjo yaliyoshikana mizizi mpaka yanabeba kibanda. Mwenye bunduki asiye na mtumbwi hafiki hapo. Lakini maji yale yale yaliyowaficha ndiyo waliyokunywa na ndiyo waliyojisaidia, na kipindupindu kikawafuata. Hakuna shamba juu ya mafunjo. Mama alikuwa na samaki bila unga. Gédéon alijisalimisha Mei 2006, na wengi wakaanza kurudi polepole.

Wanyama walilipa pia. Watu wenye njaa na watu wenye silaha wote wanatafuta nyama. Kuna swala mmoja wa maeneo ya mafuriko, Kobus anselli kwa jina la wataalamu, asiyepatikana popote duniani ila bonde hili la Upemba. Walimtambua rasmi kuwa aina ya peke yake mwaka 2005, ule ule mwaka wa kukimbia. Zamani walihesabiwa kwa maelfu. Mwaka 2023 ndege ilipita juu ya bonde kuwahesabu, wakaonekana 10 tu. Wataalamu wanakisia waliobaki hawafiki 100.

Wavuvi wa Nyonga na Kinkondja bado wanatega nyavu kwenye njia za viboko, pale ambapo viboko wangalipo. Mahali walipokwisha, mafunjo yanafunga njia, na ni watu wenyewe wanaoingia majini na panga kuifungua.