Breki mbovu na wito wa kurejesha magari: Shinyanga na Geita

Wito wa kurejesha magari ni tangazo la mtengenezaji, au amri ya serikali, linalowataka wenye magari ya toleo fulani wayapeleke gereji ya kampuni ili kifaa kilichogundulika kuwa na kasoro kibadilishwe bila malipo. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, abiria, pamba, mpunga na mawe ya dhahabu husafirishwa kwa Haisi, Probox, Noah, Fuso na Land Cruiser mkonga, na mengi ya magari hayo yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani. Barua ya kiwanda humfikia mwenye gari wa kule, ambaye huenda aliliuza zamani. Kahama, Katoro na Masumbwe hufika gari peke yake, pamoja na kasoro yake kama lilikuwa nayo.

Istilahi

Katika gereji za ukanda huu gari "hufeli breki", na neno hilo moja hufunika mambo mengi: pedi zilizokwisha, lainingi iliyobanduka, mpira wa masta silinda uliochoka, paipu iliyopasuka, mafuta yaliyochemka, au upepo uliovuja kwenye breki za lori. Kasoro ya kiwandani na uchakavu wa barabarani huitwa jina moja. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa taarifa ya ajali ikishasema gari lilifeli breki, uchunguzi wa kifaa gani kilifeli na kwa nini mara nyingi huishia hapo.

Chimbuko la wito

Sheria ya kwanza yenye nguvu ilipitishwa Marekani mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya wakili Ralph Nader kuchapisha kitabu kilichoishutumu sekta ya magari kwa kuuza vyombo ambavyo watengenezaji walijua ni vya hatari. Japani ilianza utaratibu wake mwaka 1969. Tangu hapo mamilioni ya magari yameitwa kila mwaka, na breki hazikosekani kwenye orodha. Februari 2010 Toyota iliita magari yapatayo 437,000 ya mseto, mengi yakiwa Prius, kurekebisha programu ya breki zisizojifunga. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliita zaidi ya magari milioni 3 Marekani, kwa kuwa mafuta ya breki yaliweza kuvujia ndani ya kifaa cha umeme na kuwasha moto. Wenye magari waliambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba. Mwaka uliofuata BMW ikaita yapatayo milioni 1.5 kwa ajili ya mfumo wa breki ulionunuliwa kwa kampuni ya Continental.

Mkasa wa Fuso

Kati ya visa vyote vya dunia, kinachoigusa Kanda ya Ziwa kwa karibu zaidi ni kile cha Mitsubishi. Fuso na mdogo wake Canter ndiyo malori yanayotoa viroba vya mawe kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji) na kuvipeleka kwenye makarasha (mashine za kusaga mawe), kuanzia Nyarugusu na Rwamgasa hadi kila rashi mpya ya dhahabu inayozuka Geita na Mbogwe. Hubeba pia tofali, ng'ombe, mahindi na watu.

Mwaka 2000 iligundulika kwamba Mitsubishi Motors ilikuwa imeficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20. Majalada yaliyotakiwa kupelekwa wizarani yalitengwa, na magari yalirekebishwa kimyakimya wateja walipolalamika. Kampuni iliomba radhi. Lakini haikusema yote, na gharama ya ukimya huo ililipwa kwa uhai wa watu.

Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu lilichomoka kwenye lori la Mitsubishi baada ya habu kuvunjika, likamgonga mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Mama alifariki. Oktoba mwaka huohuo, katika mkoa wa Yamaguchi, kasha la klachi la lori jingine lilipasuka, propela shafti ikaanguka na kukata paipu za breki. Dereva alibaki na lori lisilosimama, akafa. Ni mfano wa kufundishia: breki zenyewe hazikuwa na ubovu wowote, kilichoziua ni chuma kingine kilichokuwa kinajulikana kiwandani kuwa dhaifu. Fundi anayefungua drumu na kukuta lainingi nzima asingekuwa na njia ya kulijua hilo.

Mwaka 2004 ukweli ulitoka. Viongozi kadhaa walikamatwa, akiwamo Takashi Usami, aliyekuwa mkuu wa Mitsubishi Fuso, na malori mengi yakaitwa. Januari 2008 mahakama ya Yokohama ilimtia hatiani Katsuhiko Kawasoe, mkuu wa zamani wa Mitsubishi Motors, pamoja na wenzake, kwa kifo cha dereva wa Yamaguchi, ingawa kifungo kiliahirishwa. Malori ya miaka hiyo ndiyo yaleyale ambayo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waliendelea kuyanunua kwenye minada ya Japani.

Masta silinda na mafuta ya breki

Oktoba 2010 Toyota iliita magari yapatayo 740,000 nchini Marekani, yakiwamo Avalon na baadhi ya Lexus. Mpira ulio ndani ya masta silinda uliweza kukauka na kujikunja, mafuta yakavuja, na pedali ikalegea. Kampuni ilieleza kwamba tatizo hujitokeza pale mafuta ya asili yanapobadilishwa na mengine yasiyo na viambato vya kulainisha mpira.

Maelezo hayo yangepaswa kubandikwa kwenye kila duka la spea kuanzia Kahama hadi Runzewe. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Dereva akishuka mlima na mzigo huku amekanyaga breki muda wote, joto hupita hapo, mafuta hugeuka mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali huzama hadi sakafuni. Gari likipoa breki hurudi, na mkaguzi anayelifikia baada ya saa mbili hukuta kila kitu sawa.

Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni miezi mingi imeshakunywa maji. Kuongezea mafuta ya injini au ya taa, jambo ambalo dereva hulifanya akikwama porini usiku, huvimbisha mipira ya mfumo mzima, na hapo kubadilisha mafuta peke yake hakusaidii tena. Desturi nyingine ya hatari ni kuziba paipu ya gurudumu linalovuja ili gari liendelee na safari kwa breki tatu. Gari husimama likivuta upande mmoja, na katika barabara yenye changarawe huo ndio mwanzo wa kupinduka.

Namna wito unavyopotea njiani

Gari linapouzwa nje, Japani hulifuta kwenye daftari lake la usajili, na anwani ya mwenye gari hukatika hapo. Gari hupanda meli likiwa limetambulishwa kwa namba ya chasisi, kwa mfano inayoanzia NCP61 kwa Toyota IST au AZR60 kwa Noah. Dar es Salaam, Mamlaka ya Mapato (TRA) huinakili namba hiyo kwenye kadi ya gari. Kwa hiyo Tanzania inayo orodha ya namba za chasisi, na viwanda vinayo orodha ya namba zenye kasoro. Orodha hizo mbili zikilinganishwa, jina na simu ya mwenye gari wa Shinyanga vingepatikana. Huo ni mwanya wa kiutawala unaozibika, na inasikitisha kuuona umeachwa wazi.

Kuna pia tofauti ya kuagiza. Gari jipya lililonunuliwa kwa wakala rasmi lina faili, na wakala anaweza kumpigia mteja. Hivyo ndivyo mashirika makubwa, miradi na migodi hununua. Mwenye mchomoko, yaani gari dogo la abiria, wa Kahama hana faili popote.

Mfano wa mifuko ya hewa ya Takata unaonyesha ukubwa wa tatizo. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa duniani kwa kuwa kilipuzi cha mfuko huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na kampuni hiyo ya Kijapani ikaomba kinga ya kufilisika Juni 2017. Magari ya umri huo yanatembea katika nchi za joto la mwaka mzima, Tanzania ikiwamo.

Spea

Pedi feki hufungwa kwenye boksi lenye nembo inayofanana na ya asili, na tofauti huonekana kwenye uchapaji hafifu na kwenye bei. Kasoro yake kubwa ni gundi: kitambaa cha msuguano hubanduka kwenye bati, au hupoteza mshiko joto likipanda. Ndiyo maana mafundi wengi humshauri mteja anunue spea ya mtumba kutoka gari lililochinjwa kuliko mpya asiyoijua. Ushauri huo una mantiki kwa diski na kalipa. Kwa mipira ni kosa, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukiwa umekaa kwenye boksi.

Barabara na mzigo

Shinyanga kwa sehemu kubwa ni tambarare, na madereva huchukulia kwamba breki hazifanyi kazi kubwa. Vumbi ndilo adui. Kwenye barabara kama ya Kahama hadi Kakola, kilomita 73 zilizokuwa za vumbi kwa miaka mingi, udongo mwekundu huingia ndani ya drumu na kusaga lainingi kama msasa. Masika huleta tope, na tope likikaukia kwenye kalipa pistoni hukwama. Geita ina vilima, na njia za machimbo hupanda na kushuka ghafla.

Mzigo huongeza yote hayo. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na malori yanayotoka bandari kavu ya Isaka kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo hupita mizani. Canter iliyojaa viroba vya mawe kutoka duarani hadi karasha la jirani haipiti mizani yoyote.

Migodini

Katika mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu ulioko Kakola, gari halitoki bila dereva kujaza fomu ya ukaguzi na kujaribu breki, na dereva ana haki ya kulikataa. Mafundi waliopita humo hutambulika mitaani kwa kazi yao. Mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, ujuzi wa aina hiyo ulirudi Kahama.

Pikipiki

Baadhi ya bodaboda hufungua breki ya mbele kwa hofu ya kupinduka, hivyo hubaki na ya nyuma, iliyo dhaifu zaidi.

Ajali

Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Ngaramtoni nje ya Arusha, lori lililoelezwa kufeli breki liligonga magari mengine matatu na watu 25 wakafa. Juni 5 mwaka huo, mjini Mbeya, lori jingine lililoelezwa hivyohivyo liliua watu 13. Kenya nayo iliomboleza baada ya lori kuparamia magari na wachuuzi pembeni mwa barabara kwenye makutano ya Londiani, Juni 30, 2023, ambapo zaidi ya watu 50 walifariki. Shinyanga inaikumbuka ajali ya usiku ya Agosti 8, 2022, eneo la Mwakata, Kahama, iliyohusisha trekta, Haisi, gari dogo na lori. Hiyo haikutajwa kuwa ya breki.

Usimamizi

Mamlaka zimegawana kazi. Shirika la Viwango (TBS) husimamia ubora wa magari yanayoingia. Mwaka 2021 ukaguzi wa magari yaliyotumika ulihamishiwa Dar es Salaam kutoka kwa mawakala wa nje. Ukaguzi hupima gari lilivyo siku hiyo: breki, usukani, taa, matairi. Kasha la klachi litakalopasuka miaka mitatu baadaye halionekani kwenye mashine ya breki. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na ina ofisi Mwanza. LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa leseni za magari ya abiria, na mkaguzi wa magari wa polisi hutazama hali ya chombo. Michomoko mingi hufanya kazi nje ya leseni hizo.

Hali ya sasa

 Toyota ina ukurasa wa intaneti nchini Japani ambamo mtu huandika namba ya chasisi na kuonyeshwa kama gari lake liliitwa na kama lilirekebishwa. Ukurasa huo hufunguka kwenye simu yoyote ya kisasa, iwe Katoro au Tinde. Umeandikwa kwa Kijapani.