Kuchakaa kwa Mwalimu wa Mbali: Kutoka Musoma 1974 hata Kufungwa kwa Shule 2020

Tarehe 17 Machi 2020 serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya maradhi ya korona. Kidato cha sita na vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 ya mwezi ule ule. Hapakuwa na amri ya watu wote kujifungia majumbani, kama ilivyokuwa Uganda, ambako shule hazikufunguliwa zote hata Januari 2022; lakini mwalimu na mwanafunzi walitenganishwa. Waandishi wa habari za siku zile hupenda kumweleza mwalimu aliyechakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Mwalimu huyo alikuwako Nairobi, na alikuwako London. Katika kata kama Hirbadaw, nchi ya Mbulu na Hanang, ni taabu kumwona. Masomo yalitayarishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania yakatangazwa kwa redio na televisheni. Mwalimu wa kijiji hakuwa msemaji ndani yake. Basi atafutaye historia ya uchovu wa elimu ya mbali katika nchi ile hana budi kurudi nyuma karibu miaka hamsini.

Hali yenyewe ilipewa jina katika maandishi ya wataalamu mwaka 1974, na Herbert Freudenberger wa New York, aliyeiona kwa watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kuwa ni jambo litokanalo na kazi, wala si ugonjwa. Sisi husema kuchoka, lakini kuchoka huondoka kwa usingizi, na hali hii haiondoki. Nimependelea neno kuchakaa. Nguo haichakai kwa siku moja, wala haichakai kwa kosa lake.

Mwaka ule ule wa 1974, mwezi wa Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kuwa elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufika mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyokusudiwa kwanza. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2, kufika 1980 walizidi milioni 3. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Ndipo walipochukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawekwa katika shule za vijijini, wakafundisha madarasa ya chini sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki wakawa wanafunzi wenyewe. Masomo yao yaliwajia kwa posta, kwa vipindi vya Radio Tanzania, na kwa mkufunzi aliyewazungukia. Baada ya miaka mitatu walipita chuoni kwa majuma machache. Zaidi ya watu 40,000 waliingia katika ualimu kwa mlango huo.

Tuihesabu siku ya kijana mmoja wa namna hiyo. Asubuhi alikuwa mbele ya watoto, ambao katika wilaya hizi wengi walitoka nyumbani na Kiiraqw au Kidatoga, lugha zilizo mbali na Kiswahili kwa asili. Neno moja lilitaka kuelezwa mara mbili. Kisha shamba la shule, kwa kuwa Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikuwa sheria ya maisha ya shule. Alasiri masomo yake mwenyewe, jioni kisomo cha watu wazima, na usiku karatasi za posta chini ya kibatari. Haya yalikuwa katika miaka ya kuhamishwa watu vijijini, na katika Hanang mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalikuwa yakiwanyima Wabarabaigi malisho yao. Wazazi waliosumbuka hivyo hawakuwa wepesi kupeleka watoto shuleni, na aliyetumwa kuwashawishi alikuwa ni yeye. Tena alikuwa jirani yao. Mwalimu mgeni aweza kufunga mlango. Mwana wa kijiji hufuatwa hata akiwa mezani.

Viwango vya masomo vilipoteremka, lawama ilimwangukia. Jina la UPE, lililokuwa la mpango wa taifa, likawa la kumdhihaki mtu. Hapa ndipo naona dhuluma ya historia hii: uchovu ulisomwa kuwa ni ujinga. Matokeo ya mitihani yalihesabiwa. Saa za kazi za mwalimu hazikupata mtu wa kuzihesabu.

Shule zilipofunguliwa Juni 2020, zikiwa zimefungwa kwa siku zaidi ya mia, hesabu ilikuwa ile ile. Madarasa yalikuwa yamejaa tangu ada ilipofutwa 2016, na walimu walitakiwa kufidia muda uliopotea kabla ya mtihani wa darasa la saba wa Oktoba. Kijana aliyeanza kufundisha mwaka 1976 akiwa na miaka 16, naye akadumu kazini, alitimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka huo huo wa 2020.